Mapacha Niliowafanya Mmoja

Nilipohamia Kampala kutoka Kisumu, kazi yangu ilikuwa kusoma malalamiko. Ofisi yetu ndogo pale Lubaga ilitengeneza programu ya kuandikisha watoto wanaochanjwa, na wauguzi wakiona hitilafu walituandikia. Mimi ndiye niliyeamua ipi tutairekebisha na ipi tunaikataa. Nikikataa, nilipaswa kueleza sababu. Nilisifiwa kwa maelezo yangu. Yalikuwa marefu, ya heshima, na hayakumwachia mtu nafasi ya kujibu.

Muuguzi wa kliniki moja Ggaba alituandikia asubuhi moja. Alikuwa binti wa askari kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. "Mimi naandika watoto wawili. Mashine inasema ni moja. Hawa ni mapacha."

Sababu niliijua, maana kanuni ile niliiandika mwenyewe. Watoto wenye tarehe moja ya kuzaliwa, jinsia moja na simu moja ya mama, programu iliwachukua kuwa mtoto mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Kabla ya hapo, watoto wengine walikuwa wakidungwa sindano ileile tena kwa makosa. Nikamjibu kwamba hiyo si hitilafu. Programu inafanya kazi kama tulivyokusudia, inalinda wengi, na mapacha ni wachache. Nikamshauri amwandikishe mmoja kwa simu ya baba.

Alijibu siku hiyohiyo. "Baba iko mbali na jeshi. Simu yake haishiki. Sasa nifanye nini, madam?"

Nikasoma, nikaona hakuna jipya, nikaifunga ripoti.

Miezi kadhaa baadaye akaandika tena. Hakulalamika. "Ule mtoto wa pili alishikwa na surua. Naona ni vizuri ujue."

Nilipanda boda hadi Ggaba bila kumuaga mtu ofisini. Muuguzi alinipokea mlangoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akanionyesha daftari la shule. Humo ndimo alimokuwa akimwandika pacha wa pili kwa mkono, kwa kuwa kishikwambi chenye programu yetu kilimkataa. Siku ya chanjo ya surua, wa kwanza alidungwa. Wa pili alikuwa na homa, akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki hiyo muuguzi alikuwa amekwenda kwao kumzika kaka yake. Aliyeshika nafasi yake hakujua habari za daftari. Alitazama kishikwambi, akaona mtoto ameshachanjwa, akawarudisha nyumbani.

"Mama hakubisha?" nikauliza.

"Alibisha kidogo. Lakini nani anaweza kubishana na mashine?"

Alinipeleka kwa mama huyo, nyuma ya soko la samaki. Majirani tuliowapita walimtaja kwa cheo anachopewa kila mama wa mapacha hapa, Nnalongo, na walikitaja kwa heshima. Wasichana wake wawili walikuwa wamekaa mkekani. Nilipobisha hodi, mmoja aligeuka. Mwingine aliendelea kuchezea kifuniko cha sufuria.

"Masikio yaliharibika," muuguzi aliniambia taratibu.

Mama aliuliza kitu kwa Kiganda. Muuguzi alisita kabla ya kunitafsiria. "Anauliza, nani alisema watoto wake ni moja."

Angeweza kujibu kwamba ni ofisi, na ningeshukuru. Alinisubiri.

"Mwambie ni mimi."

Muuguzi alimtafsiria. Nilitamani mama anitukane. Badala yake aliuliza kama akina mama wengine wa mapacha bado wanaambiwa hivyo. Nikasema ndiyo, bado.

"Basi anasema rudi kazini uitoe," muuguzi akasema.

Kesho yake niliiondoa kanuni ile kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa mistari michache tu. Nilipoifungua upya ripoti ile ya zamani, chini ya maelezo yangu marefu niliandika kwamba nilikosea. Mkuu wangu alitaka isomeke kwamba tumeboresha programu. Nikamwomba tuiache kama nilivyoiandika, naye hakusisitiza.

Siku hizi sifungi ripoti kabla sijampigia simu aliyeiandika. Wenzangu wanasema nachelewesha kazi, na ni kweli. Mara kwa mara muuguzi hunipa habari za wasichana. Yule wa pili, ambaye sasa amekua, ameanza shule ya viziwi. Dada yake, ambaye anasikia, alizijua ishara kabla yake, na ndiye anayemfundisha mama yao.