Mama mkwe kapanda ndege, mimi nimefika kwanza

Leo nimemsindikiza mama mkwe uwanja wa ndege, halafu nikaenda kumpokea mimi mwenyewe.

Msicheke kwanza.

Mama katoka Mwanza, yuko kwetu Gaithersburg, huku Marekani. Shemeji yangu anayeishi mji wa Charlottesville akamkatia tiketi ya kwenda kwake kutoka uwanja wa Dulles. Eti angani ni kama nusu saa tu.

Tumeagana vizuri. Nafika kwenye gari, shemeji anapiga simu: kazini wamemnyima ruhusa.

Sasa mama mkwe ashuke ugenini asipokelewe na mtu? Hiyo ni kesi ya ukoo mzima!

Nikawasha gari.

Njiani najiuliza: kweli gari litaiwahi ndege?

Nimefika. Nimenunua kahawa, nimeimaliza. Ndipo mama anatokea na kikapu chake.

"Shikamoo, mama."

Akageuka kutazama alikotoka.

"Baba Neema, si nimekuacha kule?"

Nikamweleza: yeye kapanga foleni, kakaguliwa, kasubiri, kapanda, kasubiri tena. Mimi nilikuwa barabarani tu.

Enyi wajuzi, hivi safari ya ndege inahesabiwa kuanzia angani au mlangoni kwako?

Mama keshaamua:

"Kurudi, ndege utapanda wewe. Mimi nina haraka."