Mafuta ni Mafuta

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema "mafuta ni mafuta," damu inanichemka.

Kijijini kwetu Lionja tulikuwa na kisima kimoja cha maana, na pampu ya dizeli ya kuvutia maji. Fundi wake mimi. Koki ya tangi la dizeli ilipokufa, nikamwambia mjomba, mwenyekiti wa kamati ya maji: nunua koki ya gololi, ile ambayo ndani ina gololi ya chuma yenye tundu, lakini uliza ringi zinazoibana. Ziwe za dizeli. Nikarudia, za dizeli! Akanikata: "Mtoto wa kike utanifundisha kununua koki?"

Kwetu mjomba hapingwi, ndiye mwenye ukoo. Nikaenda zangu Nachingwea mjini kwenye kazi nyingine.

Naye akaenda Ruangwa, kwa muuza vipuri vya mashine za kukamulia ufuta. Akauliza, "Hii ni ya mafuta?" Akajibiwa ndiyo. Jamani! Ya kupikia mafuta, ya taa mafuta, dizeli nayo mafuta. Muuzaji hakudanganya. Mjomba akarudi, akaifunga mwenyewe bila kunisubiri.

Dizeli ikazila zile ringi laini za mafuta ya kula. Zikavimba, zikachanika. Nilipofika, tangi tupu, na udongo kuanzia pale hadi mdomoni mwa kisima umelowa dizeli. Nikateka ndoo. Juu ya maji rangi zinacheza. Nililia kwa hasira, sioni haya kusema. Mama yangu na magoti yale mabovu, sasa akachote bondeni!

Jioni kikaitwa kikao palepale kisimani. Mjomba kakaa kitini, kakunja mikono. "Niliuliza, nikaambiwa ni ya mafuta. Mafuta ni mafuta. Kosa langu liko wapi?" Watu wazima wazima wakainamisha vichwa. Eti adabu. Adabu gani hiyo ya kunyweshwa dizeli?

Nikaenda kwenye ile ndoo, nikachota kikombe, nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyolelewa.

"Karibu maji, mjomba. Maji ni maji."

Akakipokea. Akakinusa, akabaki nacho mkononi. Nikasubiri matusi. Badala yake nikasikia sauti ya mama nyuma yangu, mama ambaye maisha yake yote hajawahi kumjibu kaka yake.

"Kunywa, kaka."