Siku Niliyokunja Mikono Mbele ya Kompyuta

Chekeni mkitaka, lakini mkasa huu siusimulii kwa urahisi, na nimehamahama miji mingi tangu nchi yetu ikiitwa Zaïre nikidhani aibu itabaki nyuma, kumbe kila nikipanda gari nayo inapanda.

Nilikuwa kijana, nimetoka tu kupata diploma ya sekondari, na pale Bukavu, katika chumba kidogo cha parokia, tulikuwa na kompyuta moja na programu ya ajabu: unaieleza unachotaka kuhifadhi, tuseme majina ya wagonjwa na tarehe zao, nayo inakuandikia programu nyingine nzima ya kazi hiyo. Haikuwa mali ya mtu. Maandishi yake ya ndani yalikuwa wazi, aliyeweza kurekebisha alirekebisha, akaweka kwenye diskete, dereva wa lori akaishusha kwa wenzetu wa Bujumbura, nao wakaturudishia marekebisho yao kwa barabara ile ile inayopita Sange (pamoja na vumbi lake).

Shida ni kwamba tulikuwa tumebaki wawili, mimi na rafiki yangu Bahati. Padri akatuambia wazi, "Mukikosa watu wapya, hii chumba ninapatia bamama ba kushona." Basi tukaalika wageni Jumamosi moja.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Diskete zilikuwa adimu, nami nilitaka kila mgeni apewe yake tupu ya kuhifadhia kazi yake, ajione mwenyeji tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nikafuta nakala zetu zote za akiba, nikabakiza moja tu ya kutumia (diski ya ndani ya kompyuta ilishakufa zamani, kila kitu kiliishi kwenye diskete, na bado nikajiambia moja inatosha).

Wageni walipofika nikatangaza, padri akisikia, kwamba kazi hii ni rahisi mno, leo sitagusa hata kitufe kimoja, nikakunja mikono. Nikamwita maman Nsimire, muuguzi wa zahanati moja upande wa Walungu, aliyekuja na wazo lake tayari: kadi za chanjo za watoto. Akaandika kwa kidole kimoja, akifuata hatua nilizochora ubaoni.

"Mwalimu, inaniuliza kama iandike. Nifinye ndiyo?"

"Finya tu, maman, usiogope."

Sasa sikilizeni. Kila nilipofika kwenye swali hilo, mkono wangu wa kushoto ulikuwa unachomoa diskete ya programu na kuingiza tupu, kabla wa kulia haujafinya. Yalikuwa mazoea, kama mtu anavyovua kofia kanisani. Sikuwahi kuyaandika popote, na siku hiyo mikono yangu ilikuwa kwapani. Kompyuta ikaguna, ikaguna tena, ikaandika kazi ya maman juu ya programu yenyewe, halafu skrini ikawa nyeusi.

"Eh! Masini imekula mama yake!" akasema Bahati.

Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote, nikaizima, nikaiwasha, hakuna kitu. Nikaanza kuzinyang'anya diskete mikononi mwa wageni, nikizijaribu moja moja, jasho linanitiririka, nami najua kabisa kwamba nilizifuta mwenyewe.

"Sasa hawa bageni batajifunza nini?" padri akauliza.

Maman Nsimire alikuwa bado amekaa, kidole hewani. "Ni miye niliharibu, si vile?"

"Hapana, maman, ni mimi. Nilisahau kukuambia."

"Unanihurumia tu, mutoto yangu. Hata kwetu baliniambia, hii kitu haiko ya watu kama miye."

Akasimama, akajifunga vizuri kitenge chake, akatoka, na wengine wakamfuata.

Niliagiza nakala Bujumbura. Dereva akarudi mikono mitupu, kwa kuwa njia ilikuwa imefungwa, na kabla hajajaribu tena vyerehani vilishaingia chumbani. Maman Nsimire nilimwona mara moja tu, sokoni Nyawera. Nilipomwita akageukia upande wa pili, akaharakisha.

Tangu hapo nimepokea wageni wengi kwenye kazi za aina hii, huku na huko. Simwachi tena mgeni aguse kitu kabla sijakivunja mimi mwenyewe mbele yake, aone kinavyovunjika, kisha tukirudishe pamoja. Maman Nsimire alipata ile nusu ya kwanza tu.