Ningu wa Osewe

Kwa Adero hapakuwa na kitu kinachoitwa samaki tu. Mtu akifika mezani pake pale Sarang'ombe aseme, "Mama, nipe samaki," alijibiwa, "Samaki gani? Kwani hawana majina?" Miaka thelathini na minane amekaanga kwenye meza hiyohiyo, moshi wa mafuta umemchoma macho, na shule aliiachia darasa la pili. Lakini mletee samaki asiye na kichwa wala mkia, umfunike kwa gazeti, atampapasa mara moja akwambie ni nani. Na akikosea, jambo ambalo halijatokea, hatakubali.

Chumbani kwake, kwenye msumari juu ya kitanda, ulining'inia mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na samaki mmoja, ningu, aliyekaushwa kwa moshi. Huyo hakuwa wa kuuzwa wala wa kuliwa. Aliletwa na mwanawe, Osewe, miaka saba iliyopita.

"Mama, si wanasema ningu wameisha ziwani?" Osewe alimwambia siku hiyo akicheka. "Nimewapata nyuma ya kisiwa chetu, kwenye mawe. Nikirudi tena nakuletea gunia."

Akaenda. Mtumbwi wake ulipatikana nyuma ya mawe hayo. Yeye hakupatikana.

Hapo maneno yakaanza. Okello, ndugu ya marehemu mume wa Adero, aliyebaki kule kisiwani, alisimama mbele ya ukoo akasema kijana amekufa akifuata samaki ambaye hayuko. Yule ningu mmoja, alisema, Osewe alimnunua mahali ili kumfurahisha mama yake. Ukoo ukataka kuzika tunda la yago, lile refu ambalo Wajaluo huliweka kaburini mahali pa mtu ambaye mwili wake umepotea. Adero akakataa katakata.

"Mwanangu si mwongo," alisema. "Siku mtakayokubali ningu walikuwa pale, siku hiyo nitazika."

Basi ikawa hivyo. Miaka saba, hakuna kaburi.

Audrey, binti ya Osewe, akakua, akasoma hadi chuo kikuu, akapanga chumba Kawangware na kupata kazi. Alipomweleza nyanya yake, Dani kama alivyomwita, ni kazi gani, Adero aliweka mwiko chini.

"Kuchota maji? Umesoma miaka yote hiyo uje uchote maji?"

"Si ya kunywa, Dani. Samaki akipita anaacha kitu chake majini. Ute, magamba, choo. Tunachuja yale maji, kinachobaki kwa chujio kinapimwa DNA maabara. Inatuambia ni samaki gani wako pale, na hatujavua hata mmoja."

"Hata ningu?"

"Hata ningu."

"Na nyuma ya kisiwa chetu mtafika?"

"Tunazunguka visiwa vyote vya mbali, Dani. Na huko pia."

Siku ya safari Audrey alipitia Sarang'ombe asubuhi, akaacha sanduku la chupa kwa nyanya yake, akakimbia Soko la Toi kutafuta gambuti za mitumba. Adero alikuwa amemshusha ningu wake, kama afanyavyo kila mwezi, anampangusa kwa chumvi na mafuta wadudu wasimle. Akaona lile sanduku. Lilikuwa limetapakaa vumbi la njia. Akafungua. Chupa nazo, machoni pake, zilikuwa na vumbi.

Mtoto wa Osewe atoke nyumbani kwake na vyombo vichafu, watu wa kisiwani waone? Hata! Akazifungua zote, moja moja, akazisuuza kwenye beseni, akazipangusa ndani hadi chini. Kitambaa kilikuwa safi; alikuwa amempangusia ningu tu. Akazifunga na kuzirudisha zilivyokuwa, na Audrey aliporudi hakumwambia. Nani hudai asante kwa kuosha kikombe?

Wiki sita baadaye simu ililia.

"Dani, majibu yameanza kutoka. Ningu yuko! Nyuma ya kisiwa chetu!"

Adero aliketi. Kisha akainuka, akaacha mafuta yakichemka, akapita mlango kwa mlango akitangaza. Mwishowe akampigia Okello.

"Nimekosa, shemeji," Okello alisema baada ya kusikiliza.

"Sema tena, simu yangu ni mbovu."

"Nimekosa."

Simu haikuwa mbovu. Alimfanya arudie mara tatu.

Siku nne zikapita. Audrey akaja bila kupiga simu, akaketi juu ya ndoo, uso umesawijika.

"Ningu ametokea kwa chupa zote, Dani. Hata ile tuliyojaza maji ya maabara, ambayo haikuguswa na ziwa kabisa. Hiyo tunaibeba makusudi, itushtaki tukichafua kazi. Sasa imetushtaki. Chupa ziliguswa na ningu kabla ya safari, na mwenye chupa ni mimi. Daktari Ndeti, mkuu wetu wa maabara, anasema nilikuwa mzembe. Kazi yote ya kisiwa imetupwa, na wiki ijayo wataamua kama nitabaki."

"Zilikaa wapi hizo chupa?"

"Kwangu. Na hapa."

Audrey hakuinua macho kutazama msumari. Adero pia hakuinua. Aligeukia karai lake, na siku hiyo, mara ya kwanza katika miaka thelathini na minane, ngege aliokuwa akiwakaanga walimwungulia akiwatazama.

Angenyamaza tu. Ukoo ulishajua. Osewe alishasafishwa jina. Aliwaza hivyo siku nzima, na asubuhi akautoa ule mfuko msumarini, akaenda hadi maabara, ng'ambo ya Riruta.

"Daktari, mtoto hana kosa," alisema akiwa bado mlangoni. "Chupa niliziosha mimi."

Daktari Ndeti alivua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Zilikuwa na vumbi. Nilitumia kitambaa cha huyu." Akaweka mfuko mezani.

Daktari aliruka kutoka kitini. "Mama, tafadhali! Usimfungue humu ndani!"

Wakatoka nje. Daktari akakata kipande kidogo kama ukucha, akakipeleka kupimwa. Siku chache baadaye akampigia simu: ni ningu kweli.

"Sikuuliza," Adero alimjibu.

Audrey hakufukuzwa. Alirudi visiwani na chupa mpya ambazo hazikupitia Sarang'ombe. Majibu alikuja nayo mwenyewe. Nyuma ya kisiwa chao maji yalitaja samaki wa aina kumi na nne. Akawasoma wote, polepole, na Adero akamwacha amalize, ingawa alishajua kwa jinsi sauti ilivyokuwa ikishuka.

"Lakini maji hutaja ya siku chache tu, Dani. Hayajui ya miaka saba. Inawezekana Baba alisema ukweli."

"Inawezekana," Adero alisema. Lilikuwa neno dogo mno kumpelekea Okello.

Hata hivyo alimpigia.

"Ningu hawako. Yale majibu yalikuwa ya beseni langu."

"Lakini shemeji, nimeshaambia ukoo."

"Waambie tena. Na utafute yago."

"Wewe mwenyewe umesema?"

"Nimechoka, Okello. Mtoto wangu hana pa kulala."

Walisafiri Ijumaa, yeye na Audrey, aliyekuwa na zamu nyingine ya kuchota maji huko. Ningu alikuwa amefungwa kwa leso mpya, awekwe kwenye jeneza kando ya yago, maana ndicho kitu cha mwisho Osewe alichokishika akamkabidhi mama yake.

"Leta nikubebee, Dani."

"Umesema kesho unachota maji?"

"Ndiyo."

"Basi usimguse," Adero alisema, akampakata mwenyewe hadi ziwani.