Msichana Aliyelambwa na Mbuzi

Mbuzi wetu walimpenda mjukuu wangu kuliko chumvi ya jiwe. Akiketishwa kwenye mkeka nje ya nyumba, wanakuja mbio kumlamba miguu, shingo, mpaka masikio, naye anacheka hadi kikohozi kinamkata. Mimi mwenyewe nikimbusu, midomo yangu inabaki na chumvi. Tulifanya mzaha tu. Msichana mzuri kuliko wote wa mtaa wetu pale Garissa, na sioni aibu kusema. Lakini anakula kama mchungaji na mbavu zinaonekana zote. Hospitali walimpa dawa ya TB, wakampa ya pumu. Wapi.

Miaka hiyo ya tisini akaja daktari kijana kutoka Kenya, maana sisi tukivuka mto Tana tunasema tunaenda Kenya. Akaniuliza kama kuna jambo lingine nimeona kwa mtoto. Nikamwambia habari ya mbuzi ili tucheke. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akainama, akamlamba mtoto kwenye paji la uso. Mwanamume mzima, na koti jeupe. Mkono wangu ulishafika kwenye kiatu.

Akasema chumvi nyingi hivyo kwenye ngozi ni dalili ya ugonjwa, jasho likapimwa Nairobi. Siku ya majibu nilienda na mwanangu, baba wa mtoto. Daktari akasema ugonjwa uko kwenye jeni, yale maagizo mtu anazaliwa nayo, na makohozi yake ni mazito kama gundi, yataendelea kuziba mapafu. Amerithi kwa baba na kwa mama, ingawa wao wenyewe ni wazima. Ukoo wetu nautaja babu kwa babu, kwa fahari, mbele ya yeyote. Leo kijana ananiambia umebeba kitu cha kumziba mtoto pumzi.

Nikamuuliza kama dunia nzima haina dawa. Akasema ng'ambo wanajaribu moja. Wanachukua jeni isiyo na kasoro, wanaifunga ndani ya vitone vya mafuta visivyoonekana kwa macho, wanavigeuza ukungu, mgonjwa anavuta. Vinateremka mpaka ndani ya mapafu na kuyafundisha kazi upya.

Hilo la kuvuta nililielewa. Uunsi, ubani wetu wa nyumbani, tukiufukiza unaingia nguoni na hautoki upesi, na vyombo vya maziwa tunavifukiza mpaka moshi unalala ndani ya mti. Lakini kuingia kifuani na kubadilisha alichoweka Mungu? Wallahi nywele zilinisimama.

Mwanangu akasogeza kiti mbele. "Daktari, akivuta hiyo kitu, atabaki mtoto wangu?"

"Atabaki. Ni mapafu tu yanaguswa."

"Na hayo mafuta," nikasema, "ni ya mnyama gani?"

Akakuna kichwa. Alisema hajui, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Mwanangu alitaka kuendelea na maswali. Mimi nikatazama kucha za mtoto, zilikuwa rangi ya zambarau. Nikamwambia anyamaze, Mungu anamjua mwenye dhiki, hata mafuta yakiwa ya haramu. Nikamkalisha msichana wima pajani, nikamfungua shuka shingoni ili avute vizuri.

"Mpe," nikasema. "Mpe sasa hivi."

Daktari akanitazama kama mtu aliyekanyaga mtoto. "Mama, haiko hapa. Hata Nairobi haiko. Huko kwenyewe wanajaribia watu wachache, na nguvu yake inaisha haraka."

Kwetu humtajii mwenye kiu maziwa na chombo chako ni kitupu. Mganga akikutajia mti wa dawa, basi mti uko mfukoni mwake. Mimi nilikuwa nimeshaamini dawa iko kwenye kabati lililofungwa kufuli nyuma yake.

"Sasa ulinitajia ya nini?"

"Uliniuliza kama iko duniani, mama."

Akanionyesha kumlaza mtoto kichwa chini juu ya mapaja, na kumpiga mgongo, kulia kisha kushoto, kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, makohozi yateremke. Nilijifunza huku nimemkasirikia. Tangu hapo, kila nikitoka kuswali alfajiri, nampiga. Jirani mmoja mgeni alisikia akaja mbio mpaka mlangoni, akaniuliza mimi ni ayeeyo, bibi, wa namna gani, ninayempiga mtoto mgonjwa.

Msichana akamjibu, kichwa bado chini, "Mwache ayeeyo wangu. Hajafika upande wa kushoto."