Joto la Nani

Pale kwenye kituo cha kupima mizinga tulimwita Mama Nukta, maana namba haikutoka mdomoni mwake bila nukta. Kazi yake ilikuwa kuufyatua mzinga ndani ya kompyuta, kwa hesabu tupu, aseme kombora litaangukia wapi. Kisha fundi anafyatua mzinga wa kweli uwanjani, nami, karani wa ripoti, naandika namba zote mbili bega kwa bega.

Miezi saba namba hizo hazikupatana. Kompyuta inasema kilomita kumi na moja nukta nne. Kombora linadondoka mita mia mbili nyuma. Lingekuwa leo mbele, kesho nyuma, tungesema upepo. Hapana, kila mara nyuma! Mama Nukta alifumua hesabu zake akazisuka upya, akapima makombora kwa mkono wake, mpaka chakula cha mchana akakisahau. Nilichoka kwa niaba yake. Mkurugenzi naye akachoka, akatoa siku: Alhamisi zisipolingana, programu yake ya kompyuta inafutwa.

"Si ubandike namba yoyote pale mwisho, zilingane?" nilimshauri.

Alinitazama kama niliyemtukania mama yake.

Alhamisi mzinga ulilia, vioo vikatetemeka, simu ya uwanjani ikaita: mita mia mbili na tatu nyuma. Mama Nukta akaipiga meza kofi, akashuka uwanjani mbio, nami nyuma yake.

Tulimkuta fundi anasoma kipimajoto kilichotundikwa ukutani, juani. Akaandika kwenye fomu: thelathini na moja.

"Mzee, unaandika nini hapo?"

"Joto."

"La baruti?"

"La hapa nje, mama. Baruti si iko stoo, kwenye mashine ya baridi? Kule mpaka uvae sweta."

Baruti ya baridi husukuma kombora kinyonge. Hilo hata mimi karani nalijua. Na kompyuta ilikuwa imelishwa joto la jua miezi yote saba.

"Miezi saba, mzee! Miezi saba unaniandikia hali ya hewa?"

Fundi hakubisha. Alimgeuzia fomu tu. "Hapa pameandikwa 'Joto', basi. Joto la nani, haisemi. Nikajua wewe mwenyewe unajua unachotaka."

Fomu ile aliichora Mama Nukta mwenyewe. Aliweka kidole juu ya neno lile moja, na mimi nikatamani ardhi inimeze kwa ajili yake.

Mkurugenzi akafika anahema. "Haya, nani kakosea? Kompyuta au mzinga?"

Nilidhani Mama Nukta atamtupia mzee lawama. Ningekuwa mimi, ningemtupia.

"Mimi," akasema.

Hesabu ikarudiwa kwa joto la baruti. Tofauti ikabaki mita tisa. Programu haikufutwa, akapewa mwingine. Yeye, kwa makombora ya miezi saba yaliyopotea bure, alihamishiwa stoo. Inaniuma mpaka leo.

Kila asubuhi ya majaribio simu yangu huita, na sauti yake hunisomea joto la baruti: "Kumi na nane nukta mbili. Andika na hiyo nukta."