Sikio la Pili

Siku mitende ya mapambo ilipoteremshwa karantini, Mama Kopo nusura acheze ngoma peke yake uwanjani. Hakuhitaji kuambiwa mali ni ya nani. Mwenye mali alishuka mwenyewe kwenye lori, kofia kichwani, tumbo mbele, karanga mfukoni. Ndiye aliyekuwa mume wake.

Kitalu cha yule bwana, ambacho siku hizi watu wanapiga picha getini, kilianzia kwenye makopo ya maziwa. Mama Kopo ndiye aliyeyajaza udongo kwa mikono yake. Kitalu kiliponawiri, mume akagundua mke amechakaa. Akamtoa na sanduku moja, akaleta mwingine, mwenye kucha ndefu zisizojua udongo. Mama Kopo akabaki na jina lake la utani na kazi ya kumwagilia miti ya kigeni hapo karantini.

Kila mti unaotoka ng'ambo hufungiwa kwanza kwenye nyumba ya wavu, ukachunguzwa. Kwa mitende, anayeogopwa ni fukusi, mdudu mwenye pua ndefu anayetaga mayai shinani. Mabuu yake hula mti kutoka moyoni huku majani yakimeremeta. Akitoroka mmoja tu, minazi ya mji mzima imekwisha. Ndiyo maana mtende mmoja ukikutwa na mdudu, shehena yote inachomwa.

Uzuri wake, mabuu hayo husikika yakitafuna. Mkaguzi husikiliza kwa kifaa kama cha daktari, na mwenzake huweka sikio tupu kwenye shina. Hawasemezani. Kila mmoja huchora kwa chaki upande wake wa chungu: duara kama mti uko kimya, msalaba kama unatafunwa. Mwisho wanalinganisha, na penye msalaba wowote, shina linapasuliwa.

Siku hiyo mlinzi wa lango, ambaye ndiye sikio la pili, aliamka na mafua.

"Mama Kopo," mkaguzi akaita, "hebu niazime sikio."

"La kulia au la kushoto, bosi?"

"Lolote lisilo na nta."

Nje ya wavu, karanga ilimkwama mtu kooni. "Huyu? Huyu mwanamke ananichukia!"

"Wala simchukii," Mama Kopo akasema kwa sauti ya asali. "Tena namkumbuka kila nikiona mbolea."

Mkaguzi akamkazia macho. "Chora ulichosikia. Sikio likinidanganya mara moja, silirudii tena."

Mkaguzi alianzia ndani, Mama Kopo akaanzia kando ya wavu. Akakumbatia shina la kwanza, akafumba macho. Kru, kru, kru. Moyo ukamruka. Wapo! Msalaba. La pili: kru, kru. Msalaba. La tatu ndiyo usiseme, walikuwa wanakula kama wako harusini! Kicheko kikampanda kutoka nyayoni, akakiuma kwenye mkono wa gauni. Tayari aliuona moshi, na yule wa kucha anakohoa.

"Mke wangu," sauti ikanong'ona nje ya wavu. "Tulizaa pamoja, jamani. Chora vizuri."

Wakati ananong'ona, mti ulinyamaza. Alipomaliza, ukaanza tena. Mama Kopo akafumbua jicho moja. Yule bwana alikuwa anajitupia karanga mdomoni, na taya lake lilikwenda sawasawa na mdudu.

Mama Kopo akasimama na chaki yake. Angeiacha misalaba ile, mitende mizima ingepasuliwa bure, na nani angemlaumu? Utamu ulioje! Lakini mume alishamchukulia nyumba, kitalu na ujana. Sikio tu ndilo hakuwahi kulichukua, na leo ndiyo akubali kuliharibu kwa ajili yake? Akalamba kidole, akaifuta misalaba mmoja mmoja.

"Bosi! Mdudu nimempata. Yuko nje ya wavu, amevaa kofia, anakula karanga. Aondolewe, nirudie."

Mkaguzi alicheka mpaka kifaa kikamtoka masikioni. Bwana akapelekwa langoni, mdomo mtupu.

Mama Kopo akarudia. Kimya, duara. Kimya, duara. Kila duara lilimuuma kama kidole kilichojikwaa. Ukabaki ule mrefu kuliko yote, ulioagizwa usimamishwe mbele ya mlango wa nyumba aliyoipaka chokaa yeye mwenyewe. Akaweka sikio.

Kru.

Akatazama langoni. Bwana yuko kule, midomo imefungwa. Mama Kopo akazuia hata pumzi yake. Kru, kru. Akachora msalaba. Mkaguzi alipofika naye akasikiliza, akachora, wakazunguka kulinganisha. Msalaba na msalaba. Shina likapasuliwa, na mabuu meupe, manene kama vidole gumba, yakadondoka yakijinyonganyonga.

"Umenifanyia makusudi!" bwana akapiga kelele kutoka langoni.

"Mimi? Mimi sikio tu, baba watoto. Meno ni yao."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Aliihurumia mitende, haikuwa imemkosea kitu. Mwenye mitende, hata kidogo.

Moshi ulipopanda, mlinzi akaja anavuta kamasi. "Bosi, kesho nitakuwa nimepona. Nirudi kwenye sikio?"

"Wewe baki na pua yako," mkaguzi akasema. "Sikio ninalo."